Mwaka wa Shingo Upande

Siku tuliyomzika Sista Benigna nilisema uongo mbele ya kaburi lake, tena niliusema vizuri. Niliombwa kuzungumza kwa niaba ya wanafunzi wake wa zamani, kwa kuwa mimi ndiye niliyerithi kazi yake ya kufundisha Kiingereza, nikaifanya mpaka nikastaafu. Nikawasimulia waombolezaji siku aliyotufundisha neno reluctant, alipomvuta mbuzi wa jikoni kwa kamba mpaka mlangoni mwa darasa. Watu wakacheka, hata Paroko akacheka. Nikasema kwamba Sista alituuliza neno hilo tungelisemaje kwa Kiswahili, darasa zima likakwama, na mimi nikanyoosha mkono nikajibu: shingo upande. Wakanipigia makofi. Niliporudi kukaa ndipo nilipomwona Redempta. Alikuwa kwenye jamvi pamoja na akina mama waliopanda kutoka ziwani, viatu amevivua, miguu ameinyoosha, ananitazama huku anatabasamu. Jibu lile lilikuwa lake. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi sana, na kitu cha kwanza kilichonijia, Mungu anisamehe, hakikuwa aibu. Niliona kwamba meno yake yote bado yapo, na nikamwonea wivu.

Baada ya mazishi tuliingia kwenye bwalo la shule, lile lile tulilolia ugali tukiwa wasichana, ila sasa lina vigae na mapazia. Kabla ya chakula Mama Mkuu alisimama akataja vitu vichache ambavyo marehemu aliagiza wapewe watu. Rozari ya mbao, kwa mpwa wake. Saa ya mezani, ibaki jikoni. Kamusi, kwa Redempta wa Lituhi. Nilikuwa nimeshika kijiko, nikakiweka chini. Nimefundisha maisha yangu yote katika darasa la yule mwanamke, nimesimama pale pale alipokuwa anasimama, na kamusi yake inakwenda kwa mama muuza samaki! Nikatabasamu na kupiga makofi pamoja na wengine. Nimekuwa hodari wa hilo tangu ujana wangu, na kama kuna mwaka mmoja niliojifunza hilo, ni ule wa kidato cha nne.

Vijana wenye kamusi kwenye simu hawawezi kuelewa kamusi ile ilikuwa nini kwetu. Shule nzima ilikuwa nayo moja. Ilikaa katika kabati la ofisi ya walimu, imefungwa kwa mfuko wa plastiki, na mtu hakuishika kabla ya kunawa mikono. Mwaka ule vitu vilikuwa vimeanza kurudi madukani. Sisi tuliowahi kufulia majani ya mpapai tuliiona sabuni imepangwa mpaka darini dukani kwa Mzee Shabani, pale Mbinga mjini. Mitumba ilimwagwa chini siku ya soko, na watu binafsi walianza kupita vijijini kununua kahawa ambayo zamani ilinunuliwa na ushirika peke yake. Kila kitu kilikuwa ruksa. Lakini kamusi ilibaki moja, na ufunguo wa kabati alipewa msichana mmoja tu, Redempta. Aliuvaa shingoni kwa uzi mwekundu, ndani ya sare. Tulilala vitanda vilivyopakana. Asubuhi akiinama kutandika, ufunguo ulitoka ukaning'inia mbele ya macho yangu, na siku yangu ikawa imeharibika kabla sijanywa uji. Yeye alikuwa wa kwanza darasani, mimi wa pili. Muhula hadi muhula. Na ubaya ni kwamba nilimpenda. Kwao wakimtumia usipa, wale dagaa wa ziwani waliokaushwa juani, alinigawia nusu kabla hajaonja, na mimi niliwala huku nikihesabu moyoni alama alizonizidi.

Siku ya mbuzi, basi, ilikwenda hivi. Sista aliandika neno ubaoni akatutaka tukisie. Mmoja akasema ni mvivu, mwingine akasema mkaidi, mwingine mwenye haya. Sista akatoka nje, akarudi na yule mbuzi, amekaza miguu yote minne, kamba imemvuta shingo ikaelekea pembeni, lakini anakuja. "Mvivu angelala," akasema. "Mkaidi asingefika hapa mlangoni. Huyu amefika. Lakini mwangalieni, amefikaje?" Nilikuwa nalo jibu. Naapa nilikuwa nalo, liko ulimini, natafuta tu namna ya kulisema kwa adabu, Redempta akawahi: "Shingo upande, Sista." Sista alimtazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama mimi. Kisha akatufafanulia matumizi ya neno lile la Kiingereza. Linafuatwa na jambo ambalo mtu anasita kulifanya. Linaweza pia kusemwa kwa kitu kilichotoka kwa mtu, kama ruhusa au sifa, ikiwa vimetolewa bila moyo kupenda. Akatuambia kila mmoja atunge sentensi. Mimi, kwa hasira ya kuwahiwa, nikaandika kwamba jiwe linasita kubingirika. Aliisoma kwa sauti. "Imelda, jiwe halina moyo," akasema. "Neno hili linataka moyo ndani yake. Lazima kuwe na mtu anayekwenda, na moyo uliobaki." Sentensi ya Redempta ilikuwa ya msichana anayeondoka ziwani kwenda shule huku anageuka nyuma. Ilibandikwa ukutani, ikakaa mpaka karatasi ikawa ya manjano.

Hayo ningeyavumilia. Jambo lililonishinda nililisikia nikiwa nyuma ya jiko, ninaosha sufuria. Masista walikuwa na nafasi moja kila mwaka ya kumpeleka binti wa kidato cha nne kusomea ualimu, kisha arudi kufundisha pale pale. Sista Benigna alikuwa ndani anaongea na mpishi wetu, Mama Getruda, ambaye Sista alimwambia kila kitu kwa sababu wote wawili walikuwa wa kijiji kimoja. "Mwaka huu ni Redempta," Sista akasema. "Imelda naye anajitahidi," Mama Getruda akasema. "Anajitahidi," Sista akajibu. Niliisugua ile sufuria mpaka masizi yakaisha na nikaendelea kusugua. Kwetu Mbuji kulikuwa na kahawa na mahindi, na jembe lilikuwa linanisubiri nyuma ya mlango. Nilijua kabisa kwamba nikiikosa nafasi ile, mwaka unaofuata nitakuwa mlimani nachimba mashimo ya ngolo, kilimo chetu cha miteremkoni, na mtoto mgongoni. Sikuwa na njia nyingine, na njia yenyewe imeshapewa mtu anayelala kitanda cha pili.

Muhula wa pili ndipo alipokuja Bosko. Alikuwa kijana wa Ngumbo, mmoja wa wale wanunuzi wapya wa kahawa, ana pikapu ya bluu na redio inayosikika mpaka bwenini. Alipeleka posa kwa wazazi wa Redempta. Msichana mwenzangu alipotuletea habari hiyo nilipaswa kufurahi, maana mtu akiolewa hapelekwi chuoni. Badala yake niliona wivu wa pili juu ya ule wa kwanza. Kwa nini yeye? Kamusi yeye, nafasi yeye, na sasa hata pikapu! Bosko aliwahi kunipa lifti mara moja kutoka sokoni, akaniuliza jina, na nilikuwa nimelitunza swali hilo kwa miezi mitatu.

Wakati wa likizo fupi Redempta aliniomba nimsindikize kwao. Tuliteremka na lori lililobeba chumvi na sabuni, baridi ya milimani ikatuachia njiani, tukafika Lituhi tukiwa tumevua sweta. Lazima nieleze desturi ya kule kwao wakati ule, kwa sababu bila hiyo hakuna atakayejua nilichofanya. Binti aliyeposwa hakuulizwa kama anataka. Alitakiwa alie, asile mbele ya watu, aitwe mara tatu kabla ya kutoka, na akitolewa atembee akisimama simama mpaka atuzwe kitenge au sabuni ndipo ainue mguu tena. Akionyesha furaha, familia nzima inapata aibu. Kwa hiyo akisema hataki, watu husema amelelewa vizuri. Mtu aliyeulizwa ukweli ni mwenzake, msichana aliyelala naye chumba kimoja siku za posa. Alichosema huyo ndicho kilichochukuliwa. Redempta alikuwa na binamu watano wa kuchagua, akanichagua mimi.

Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha moja la mbao, kitanda cha kamba na harufu ya samaki wa kukausha. Shangazi yake, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alikuja kutukagua. "Shikamoo, shangazi," nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye wa milimani, Umatengoni? Karibu ziwani, usituogopee samaki, hawana meno wakishakaangwa." Kisha akamgeukia Redempta. "Na wewe usinyanyue uso. Ukicheka watasema tulikuwa tunawasubiri barabarani." Sebuleni wazee wa Bosko walikuwa wameketi. Redempta akaitwa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Alipotokea analia, mabega yanatetemeka, akina mama walitazamana kwa kuridhika. "Huyu analia hasa!" mmoja akasema. "Mama yake hakulia hivi," mwingine akajibu, na wakacheka wote, hata mama mtu. Nilimwonea wivu hata kwa kile kilio. Nilijisemea, tazama, hata kulia anakuwa wa kwanza.

Alasiri wageni walikuwa wamekula samaki aina ya mbasa na ugali, wako barazani wanaongea habari za bei na barabara. Nilikwenda nyuma ya nyumba kutafuta maji ya kunawa. Redempta alikuwa amechuchumaa karibu na ufuko, peke yake, anapaa samaki. Hakuna aliyekuwa anamwangalia. Alikuwa analia, magamba yamemganda mikononi, machozi yanashuka mpaka kidevuni, na hata hayafuti.  Desturi ilidai alie mbele za watu. Hakuna desturi iliyodai alie nyuma ya nyumba. Akaniona, akasema taratibu, "Imelda, mimi sitaki. Nimemwambia shangazi sitaki, ananipongeza. Nimemwambia mama, ananiambia hata yeye alisema hivyo hivyo. Bosko si mtu mbaya, ila mimi nataka kusoma. Sista atakuuliza wewe. Lazima akuulize, kabla Padre hajatangaza ndoa. Mwambie." Nikamwambia, "Nitamwambia." Akanawa mikono, akaushika ule ufunguo shingoni kama kuhakikisha bado upo, akarudi kulia mbele ya wageni.

Sista aliniuliza siku ya nne baada ya kurudi shuleni. Alizaliwa kule kule kandokando ya ziwa na aliijua desturi ile kuliko sisi. Hakuanza kwa kumuuliza Redempta. Nilikuwa jikoni nachambua maharage, akavuta kigoda akakaa mbele yangu, akachukua kiganja cha maharage naye akaanza kuchambua. Mama Getruda alikuwa anapuliza moto, amenipa mgongo. "Imelda, wewe ulilala naye," Sista akasema. "Padre anataka kuanza matangazo Jumapili. Kanisa haliwezi kumfungisha mtu ndoa asiyoitaka. Nikimwambia Padre neno moja, hasomi majina yao. Sasa nieleze. Yule mtoto analia kwa desturi, au analia kwa kweli?" Nakumbuka maharage yalikuwa ya rangi mbili, mekundu na yenye madoa. Nakumbuka kokoto moja nyeupe niliyoitoa. Nilifikiri juu ya ufunguo. Nilifikiri juu ya neno lile, anajitahidi. Nikasema, "Ni desturi tu, Sista. Wa ziwani wanalia sana." Akanitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama, muda ule niliokuwa nautamani tangu kidato cha kwanza. Kisha akarudisha maharage yake kwenye ungo, akaondoka. Mama Getruda hakugeuka. "Chambua vizuri," akaniambia. "Jana mtu alivunja jino."

Jumapili tatu mfululizo Padre alisoma majina yao. Jumapili ya kwanza Redempta aligeuka akaniangalia, mara moja tu, kisha hakugeuka tena. Hakuniuliza kitu. Usipa wakija aliendelea kunigawia nusu, na nilishindwa kuwameza, nikawa nawapa paka wa jikoni. Tulifanya mtihani, akawa wa kwanza. Siku ya harusi nilikuwa msimamizi wake, nimemshika mkono kutoka nyumbani kwao mpaka kanisani, na kila aliposimama nilisimama naye, watu wakishangilia na kumtuza. Mkono wake ulikuwa baridi. Alisimama mara nyingi kuliko desturi ilivyotaka. Mwezi uliofuata nilipanda basi kwenda chuoni nikiwa nimebeba sanduku la masista. Ule ufunguo nilipewa mimi niliporudi kama mwalimu. Uzi mwekundu niliukata, nikaweka mweusi.

Nimelifundisha neno lile kila mwaka. Nimewaambia watoto habari za mbuzi, nimewaambia jiwe halina moyo, na kila nilipofika kwenye shingo upande nilisema kwamba nilijibu mimi. Mara ya kwanza ilinichoma. Baada ya hapo ilikuwa rahisi, mpaka ikafika wakati nikaanza kuamini. Kwa Sista nilikuwa nakwenda mara chache, kisha nikaacha kabisa, kwa sababu kila nilipomtembelea alikuwa ananiambia Redempta alikuja, Redempta ameleta mbasa, Redempta amesoma kitabu kile na hiki. Nilikuwa nampa kisogo mzee wa watu kwa wivu, nikisingizia kusahihisha madaftari.

Kwa hiyo siku ile ya mazishi, sahani zilipoondolewa, Redempta alipokuja kuketi kando yangu na kamusi mapajani, ikiwa bado ndani ya mfuko wa plastiki, nilijua lazima tuongee. "Mwalimu," akasema, "umesimulia vizuri. Hata mimi nimecheka, na nilikuwepo."  Nikamuuliza habari za watoto, akanitajia sita, wajukuu akashindwa kuwamaliza. Bosko alikuwa amefariki. Yeye Redempta alikuwa na mitumbwi mitatu yenye injini na alikuwa kwenye kamati ya shule ya kijiji. Alisema hayo bila kujisifu, jambo lililonikera zaidi. Kisha nikaona siwezi tena kukaa na lile jambo kinywani. Nikamwambia, "Redempta, kuna siku Sista aliniuliza."

"Najua," akasema. "Aliniita jioni ile ile. Akaniambia, Imelda anasema ni desturi tu. Hakuamini. Akaniuliza na mimi, japo si kawaida kumuuliza binti mwenyewe. Alisema, nikikuangalia machoni nikakuuliza, utaniambia?"

Sikuwahi kulijua hilo. Miaka yote ile nilidhani neno langu ndilo lililokuwa la mwisho. "Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, ndiyo Sista, ni desturi tu."

"Kwa nini?"

Aliutazama mfuko wa plastiki, akaunyoosha mikunjo kwa kidole. "Ulikuwa umeniona nyuma ya nyumba. Wengine wote hawakuniona. Nikajiambia, kama hata huyu anasema naigiza, basi sina mtu. Nikaona aibu kulia mara ya pili."  "Usinielewe vibaya. Bosko aliniheshimu mpaka alipokufa, na watoto wangu nawapenda. Sisemi niliishi vibaya, Imelda. Nasema sikutaka. Ni vitu viwili."

Nilipaswa kumwomba msamaha. Badala yake niliusema ukweli mwingine, ule uliokuwa karibu na mdomo. "Niliitaka ile nafasi."

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nalala kitanda cha pili."

 Dirishani wasichana wa siku hizi walikuwa wanapita na ndoo, wanacheka mambo yao. Nilimwangalia yule mwanamke na nikaona bado ananizidi. Lile neno nililolifundisha kwa chaki maisha yangu yote, yeye alikuwa ameliishi. Alijua maana yake kwa namna ambayo mimi sitaijua, kwa sababu kila nilichofanya mwaka ule nilikifanya kwa moyo wangu wote. Nikamwonea wivu kwa hilo pia. Naandika ili ijulikane wivu ni mtu wa namna gani.

Alipotaka kuondoka, maana gari la Lituhi lilikuwa linapiga honi, aliiweka ile kamusi mezani mbele yangu. "Chukua wewe," akasema. "Mimi macho yamechoka, na maandishi haya ni madogo kama usipa. Wewe ndiye uliyeifanyia kazi."

"Sista kakuachia wewe."

"Na mimi nakupa wewe. Si kwa shingo upande."

Kwetu mtu akipewa kitu kikubwa hukisukuma kwanza. Husema hapana, dada, hiki ni chako, akisukumiwa tena hukataa tena, na mara ya tatu ndipo hukipokea akitazama chini. Ni adabu, mtoto mdogo anaijua. Na mtu aliyekuwa amemfanyia mwenzake nililomfanyia mimi angeisukuma kamusi ile mpaka mlangoni. Mimi nilinyoosha mikono yote miwili nikaipokea mara ya kwanza tu.